Kwasari, supanova au ngazi ya Sefeidi: ipi ikupimie kasi ya upanuzi wa ulimwengu?

Ukiuliza ulimwengu unapanuka kwa kasi gani, utapewa namba mbili zisizopatana. Setilaiti ya Planck, iliyosoma mnururisho uliobaki tangu ujana wa ulimwengu, ilitoa 67.4, zaidi au pungufu kwa 0.5 tu. Timu ya Adam Riess, inayotumia nyota za Sefeidi (nyota zinazopwita) na supanova (nyota zinazolipuka) kama ngazi ya kupimia umbali, ilitoa 73.04 mwaka 2022, zaidi au pungufu kwa 1.04. Kipimo chenyewe ni kilomita kwa sekunde kwa kila megaparseki: galaksi iliyo umbali wa megaparseki moja, yaani miaka ya nuru milioni 3.26, huachana nasi kwa kilomita kama 70 kila sekunde, na iliyo mbali mara mbili huenda kasi mara mbili. Tofauti ya 67 na 73 haionekani kubwa, lakini kila upande umeshahesabu makosa yake na makosa hayo hayatoshi kuliziba pengo.

Ndiyo maana njia za tatu zinatafutwa. Makala haya yanazipanga bega kwa bega kwa ajili ya mtu anayetaka kuchagua: mwanafunzi wa fizikia anayesaka mada ya shahada ya pili, mwalimu anayejiuliza aandike namba ipi ubaoni, au msomaji aliyechoka kuambiwa kila baada ya miezi michache kwamba fumbo limeteguliwa. Niseme mapema ninakoegemea. Kwa kuamua ugomvi ulioko, naipendelea kwasari iliyopindwa mwanga na galaksi, kwa sababu hairithi kosa la upande wowote kati ya hizo mbili. Kwa kupata namba yenye usahihi leo hii, sitakushauri uitumie.

Kwasari: taswira nne, saa moja

Kwasari ni kiini cha galaksi ya mbali ambamo shimo jeusi kubwa linameza gesi. Gesi hiyo, kabla haijamezwa, huwaka kuliko nyota zote za galaksi yake zikijumlishwa. Chakula hakiliingii shimo hilo kwa kipimo, kwa hiyo mwanga wake hupanda na kushuka bila mpangilio, wiki hii hivi, mwaka ujao vile. Mara chache hutokea galaksi nyingine nzito ikawa katikati, kwenye mstari mmoja na sisi. Uvutano wake huupinda mwanga, nasi tukaiona kwasari moja mara mbili au mara nne, nukta zilizoizunguka galaksi ya kati. Galaksi hiyo ya kati ndiyo lenzi.

Kila taswira imekuja kwa njia yake. Kuna njia ndefu na njia fupi, na mwanga uliopita karibu zaidi na kiini cha lenzi hucheleweshwa pia na uvutano wenyewe. Kwasari ikiongeza mwanga, taswira moja itaonyesha leo, nyingine baada ya siku kadhaa au miezi.

Hapo ndipo siri ya njia hii ilipo, na inafaa kuikalia kidogo. Picha peke yake haiwezi kukupa kasi ya upanuzi. Kila unachokipima kwenye picha ni pembe: nukta hii iko pembe kadhaa kutoka nukta ile, pete ya mwanga wa galaksi ya kwasari uliopindwa ina upana wa pembe fulani. Chukua ulimwengu mzima, ukuze mara mbili, umbali wote na lenzi yote, na picha itabaki ileile bila kusogea hata kidogo. Kinachobadilika ni muda. Umbali ukiwa mara mbili, kuchelewa nako huwa mara mbili, na kasi ya upanuzi inayotokana na hesabu hiyo huwa nusu. Kwa hiyo ukiijua tofauti ya muda, na ukijua uzito wa lenzi ulivyotawanyika, unapata umbali moja kwa moja. Hakuna nyota ya kulinganishia na hakuna ngazi ya kupanda. Sjur Refsdal wa Norway aliyaandika haya mwaka 1964, akifikiria supanova, wakati ambapo hakuna hata lenzi moja ya aina hiyo iliyokuwa imeonekana angani.

Ya kwanza ilipatikana mwaka 1979, Q0957+561, mapacha wawili waliotengana kwa sekunde sita tu za pembe. Kuipata ilikuwa rahisi kuliko kuisoma saa yake. Kwa miaka mingi kulikuwa na kambi mbili: waliosema taswira B inachelewa nyuma ya A kwa siku zipatazo 415, na waliosema ni karibu 540. Data zilikuwa na mapengo, na kwenye mapengo kila mtu alipata alichokitaka. Ugomvi ulikwisha kwa namna ninayoipenda sana. Mwezi wa Desemba 1994, taswira A ilishuka mwanga ghafla. Tomislav Kundić na wenzake wakachapisha utabiri mapema: kama siku ni 415 hivi, B itashuka vilevile Februari 1996, kama ni 540, tungoje hadi katikati ya mwaka. B ikashuka Februari. Kipimo cha mwisho kikawa siku 417, zaidi au pungufu kwa 3, na kasi ya upanuzi iliyotokana nacho ikawa 64, zaidi au pungufu kwa 13.

Tazama hizo namba mbili za mwisho. Muda ulipimwa kwa usahihi wa chini ya asilimia moja, lakini jibu likatoka na kosa la asilimia 20. Tatizo halikuwa saa.

Siku moja ya kukosea

Kabla ya kufika kwenye tatizo hilo, saa nayo ina gharama yake. Mradi wa COSMOGRAIL, ulioanzishwa mwaka 2004 na kuongozwa na Frédéric Courbin kutoka chuo cha EPFL cha Lausanne, Uswisi, umefuatilia kwasari hizi kwa zaidi ya miaka 15. Darubini yake kuu ilikuwa Euler ya La Silla, Chile, yenye kioo cha mita 1.2, kidogo kwa viwango vya leo. Kazi hii haidai kioo kikubwa, inadai kurudi palepale usiku baada ya usiku, jambo ambalo kamati za darubini kubwa hazikubali kirahisi.

Chukua lenzi mbili. HE0435−1223 ina taswira nne zilizopangika kama msalaba, na tofauti yake kubwa kabisa ya muda ni siku 14 hivi. Ukikosea siku moja, umekosea asilimia 7, na kosa hilo linaingia lote kwenye jibu. RXJ1131−1231 nayo ina taswira tatu zinazokaribiana sana na ya nne inayochelewa siku 91 hivi. Siku moja ya kukosea hapo ni asilimia moja tu. HE0435 ilifuatiliwa kwa miaka 13 ili siku zake 14 zieleweke. Na kila mwaka Jua hupita karibu na sehemu hiyo ya anga, data zikakatika kwa miezi.

Kuna usumbufu mwingine: nyota moja moja ndani ya lenzi nazo ni lenzi ndogo. Nyota ikipita mbele ya taswira moja, huongeza mwanga wa taswira hiyo peke yake, polepole, kwa miezi au miaka. Kubadilika huko hakutoki kwenye kwasari, na usipokutenganisha utakuta saa yako inadanganya.

(Wapenda anga wa kusini mwa Tanzania watafurahi kujua kwamba lenzi hizi mbili hupita karibu na utosi kwao. Majina yenyewe yanasema: −1223 na −1231 ni nyuzi 12 na dakika kadhaa kusini mwa ikweta ya anga. Kuziona, lakini, kunataka darubini ya kitaalamu na kamera nzuri.)

Tatizo lenyewe: uzito wa lenzi

Mwaka 2020 timu ya H0LiCOW, iliyoongozwa na Sherry Suyu, ilitoa jibu kutokana na lenzi sita: 73.3, kosa la asilimia 2.4. Lilikuwa upande wa Sefeidi kabisa, na lilipatikana bila kugusa Sefeidi hata moja. Zaidi ya hapo, karibu lenzi zote zilichambuliwa kwa macho yaliyofumbwa: programu iliificha namba ya mwisho hadi kila uamuzi ulipokwisha kufanywa, kisha pazia likafunguliwa na kilichotoka kikachapishwa kama kilivyo. Wengi, nikiwemo mimi, tulidhani mambo yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Mwaka 1985 Falco, Gorenstein na Shapiro walikuwa wameonyesha mtego mmoja wa hesabu. Chukua lenzi yoyote, ipunguze uzito kidogo, kisha tandaza juu yake shuka la uzito ulio sawa kila mahali. Ukifanya kwa uwiano unaofaa, taswira hazisogei na uwiano wa mwanga wao haubadiliki. Hakuna picha, hata iwe nzuri vipi, itakayokuonyesha kwamba shuka lipo. Lakini muda wa kuchelewa hubadilika, na kasi ya upanuzi nayo pamoja. H0LiCOW walikwepa mtego huo kwa kudhani kwamba uzito wa galaksi hupungua kutoka katikati kwa kanuni fulani, au kwamba ni nyota pamoja na maada ya giza yenye umbo linalotarajiwa. Dhana zote mbili ni za busara, ila ni dhana.

Mwaka huohuo wa 2020, Simon Birrer na wenzake wa TDCOSMO, timu nyingine ya lenzi za kwasari, waliamua kuziacha. Wakauacha uzito wa lenzi huru kiasi ambacho data zinaruhusu, wakaubana kwa kasi ya nyota zilizomo ndani ya lenzi tu: nyota zikienda mbio, kuna uzito mwingi unaozishikilia. Kwa lenzi saba wakapata 74.5, lakini kosa lilipanda hadi asilimia 8. Kisha wakaongeza galaksi 33 za mradi wa SLACS, ambazo ni lenzi lakini hazina kwasari ya kupimia muda, ili zisaidie kulijua umbo la uzito. Jibu likashuka hadi 67.4, kosa la asilimia 5.

Ukiisoma haraka utasema njia hii inayumba, leo Sefeidi kesho Planck. Mimi nasoma tofauti: 74.5 na 67.4 zenye makosa makubwa kiasi hicho hazigombani, na timu iliyokubali kuirudisha nyuma namba yake yenyewe ili kusema wazi inachokijua ni timu ya kuaminiwa. Mwaka 2025 TDCOSMO walirudi na lenzi nane na kasi za nyota zilizopimwa upya kwa darubini ya anga ya James Webb na zile za ardhini, Keck na VLT. Wakapata karibu 72, kosa la karibu asilimia 5. Bado haitoshi kuamua kati ya 67 na 73. Inaegemea juu, basi.

Supanova: saa bora, ila haipatikani

Kwasari hubadilika mwanga ovyo. Supanova hulipuka mara moja, hupanda, hushuka, na umbo la kupanda na kushuka kwake linajulikana. Hapo hakuna haja ya miaka 13. Baada ya kufifia, inakuachia galaksi yake safi bila mng'ao wa kukusumbua, nawe unaweza kurudi kupiga picha nzuri ya pete. Ikiwa ni ya aina ya Ia, mwangaza wake halisi unakadirika, hivyo unajua lenzi imekuza mara ngapi, na mtego wa shuka hulegea.

Yote hayo ni mazuri kwenye karatasi. Patrick Kelly aliona ya kwanza yenye taswira nne zinazotofautishika Novemba 2014, nyuma ya kundi la galaksi MACS J1149, ikaitwa supanova Refsdal. Wachambuzi wakatabiri kwamba taswira nyingine ingetokea mahali pengine ndani ya kundi hilo, na Desemba 2015 ikaonekana. Utabiri kama huo, wa mahali na wa wakati, kwenye fani hii ni nadra. Tofauti ya muda ilikuwa siku 376, kwa usahihi wa asilimia 1.5. Uchambuzi wa mwaka 2023 ulitoa 64.8 au 66.6, kutegemea ni mifano ipi ya kihesabu ya uzito wa kundi uliyoiamini, kila moja kwa kosa la karibu 4. Kwa hiyo hapa jibu lilielekea upande wa Planck. Mwaka 2023 James Webb ikaona nyingine, ya aina ya Ia, ikabatizwa H0pe. Hiyo ilitoa 75.4, kwa kosa kubwa zaidi.

Utaona kwamba lenzi hapa ni makundi mazima ya galaksi, si galaksi moja. Kundi ni zito na tata, ila lina faida yake: galaksi nyingi za nyuma yake hupindwa pia, kila moja ikiubana mfano wako. Supanova zilizopindwa na galaksi moja, kama iPTF16geu na ile iitwayo Zwicky, zimekuwa na tofauti ya muda fupi mno, taswira zote zikifika takriban pamoja. Saa nzuri isiyo na kitu cha kupima.

Ngazi ya Sefeidi

Hii ndiyo njia yenye usahihi mkubwa kati ya zile zinazopima ulimwengu wa karibu, na ndiyo ninayoijadili kwa ufupi kwa kuwa imeandikwa sana. Henrietta Leavitt alionyesha mwaka 1912 kwamba Sefeidi inayopwita polepole ni angavu zaidi. Ukizipima za karibu kwa jiometri, ukazitumia kuzisoma galaksi 37 zilizokuwa na supanova 42 za Ia, kisha ukatumia supanova hizo kwenda mbali zaidi, unafika 73.04. Kila daraja hurithi kosa la lililo chini yake: vumbi, kemikali za nyota, msongamano wa nyota zinazochanganyika kwenye picha. Hilo la msongamano James Webb imelipunguza nguvu sana, kwa kuwa picha zake kali hazikuibadilisha namba kwa kiasi cha kuridhisha wapinzani.

Lakini ngazi nayo si sauti moja. Timu ya Wendy Freedman, inayotumia nyota ziitwazo majitu mekundu badala ya Sefeidi, imekuwa ikipata karibu 70. Ukichagua ngazi, ujue pia unachagua fundi.

Nyingine, kwa kifupi

| Njia | Jibu (km/s kwa megaparseki) | Inaegemea nini |
|---|---|---|
| Planck | 67.4 ± 0.5 | mfano wa kihesabu wa kawaida wa ulimwengu uwe sahihi |
| Sefeidi na supanova | 73.04 ± 1.04 | kila daraja la ngazi |
| Kwasari (TDCOSMO 2025) | karibu 72, kosa karibu asilimia 5 | uzito wa lenzi |
| Supanova Refsdal | 64.8 au 66.6, kosa karibu 4 | mfano wa kundi la galaksi |
| Maser za maji (mawimbi ya redio yanayokuzwa na mvuke wa maji) kwenye diski za galaksi | 73.9 ± 3.0 | diski yenyewe ieleweke |
| Mawimbi ya uvutano, tukio la 2017 | 70, +12 au −8 | tukio moja |

Planck haipimi kasi ya leo. Inapima ulimwengu mchanga kwa usahihi wa ajabu, kisha inautembeza mbele kwa kutumia mfano. Mfano ukiwa na kasoro, 67.4 itakuwa na kasoro hata kama kipimo ni kizuri. Mawimbi ya uvutano ni njia safi kwa nadharia: nyota mbili za nyutroni zilizogongana tarehe 17 Agosti 2017 katika galaksi NGC 4993 zilijipimia umbali zenyewe. Ila tukio lililo wazi kiasi hicho, lenye mawimbi na mwanga pamoja, bado ni hilo moja.

Basi uchague ipi?

Mwalimu: andika kati ya 67 na 73, na uwaambie wanafunzi kwa nini. Anayeandika 70 peke yake ameshaficha jambo lenyewe la kufundisha.

Anayetaka kuona kama fizikia mpya ipo: fuata njia isiyo na uhusiano na ngazi wala Planck. Kwa leo hiyo ni kwasari, ikifuatwa na maser za maji. Usizisubiri zikupe usahihi wa asilimia moja mwaka huu. Darubini ya Rubin kule Cerro Pachón, Chile, iliyoonyesha picha zake za kwanza Juni 2025, itarudia anga lote la kusini mara kwa mara kwa miaka kumi, na hapo ndipo lenzi mpya zitatoka kwa wingi, za kwasari na za supanova pia. Supanova nitazipa nafasi ya kwanza siku hiyo, si kabla.

Mwanafunzi asiye na darubini: kwasari, bila kusita. Michoro ya mwanga ya COSMOGRAIL iko wazi kwa umma. Programu ya kusoma tofauti ya muda, PyCS3, na ya kuchora uzito wa lenzi, lenstronomy, zote ni za Python na ni za bure. Kompyuta mpakato ya kawaida inatosha kuanzia. Msimamizi wako asipokuwa mtaalamu wa lenzi si tatizo kubwa, mradi anajua takwimu, kwa sababu nusu ya kazi hii ni takwimu tupu. Kama unapenda nyota zenyewe, vumbi lake na kemia yake, utachoka haraka, nenda kwenye Sefeidi.

Usianze na HE0435 ingawa inapendeza kwa macho, siku zake 14 zitakutesa. Anza na RXJ1131. Pakua michoro yake, tafuta kwanza zile siku 91, na usiguse umbo la lenzi hadi uzipate wewe mwenyewe bila kuchungulia jibu. Ukizipata, ongeza shuka la uzito kwa mkono, asilimia 5, kisha 10, na utazame picha ikikataa kubadilika huku kasi ya upanuzi ikihama.